Gari Lililosema Bado

Ivyne alikuwa mshonaji wa mapazia, na gari lilikuwa mguu wake wa tatu. Alilinunua likiwa limetumika, limetoka Japani kama nusu ya magari ya Nairobi miaka ile, na alilizoea upesi jinsi mtu anavyozoea kiatu cha mtumba kinachomkaa vizuri. Rangi yake ilikuwa ya kijivu, na katikati ya dashibodi palikuwa na kioo kidogo cha ramani. Ramani yenyewe haikuwa na habari kwamba gari limehama. Ukipita Westlands, kialama cha gari kilikuwa kikitambaa kwenye vichochoro vya mji fulani wa ng'ambo, wenye majina yaliyoandikwa kama nyayo za kuku kwenye tope. Na kila ulipowasha injini, sauti ya mwanamke ilikuamkia kwa Kijapani, laini kama ya mtangazaji wa redio. Sammy, mwanawe Ivyne wa kwanza, alikuwa akimjibu kila asubuhi, "Poa!" Hakuna aliyejua yule mwanamke anasema nini, na hakuna aliyejali.

Jumanne moja ya mwezi wa Julai, mwaka 2006, Ivyne alitoka kwake Mountain View kwenda Kitisuru kupima madirisha. Baridi ilikuwa ile ya Julai yenyewe, ya kuingia kwenye mifupa na kupanga chumba humo. Saa sita ilikuwa imekaribia lakini ukungu ulikuwa haujaondoka, na miti ilikuwa imesimama ndani yake kama watu waliosahau walichojia.

Mwenye nyumba aliitwa Wanjira, mama mtu mzima aliyejulikana zaidi kwa jina la kifungua mimba wake, Mama Thuo. Geti lilifunguliwa na askari mmoja mrefu, Shem. Shem alimpungia Ivyne mkono mara kadhaa, akimwelekeza aegeshe kulia, mbali, karibu na uzio. Ivyne aliona kule kuna matope, na mbele ya veranda kuna kokoto safi. Akaegesha kwenye kokoto. Kwenye kioo cha pembeni alimwona Shem amesimama, mkono bado uko hewani, kama mtu aliyetaka kusema neno likamkwama.

"Karibu, mum," Wanjira alimpokea mlangoni. "Ingia utoke kwa baridi."

Nyumba ilikuwa kubwa, na kimya chake kilikuwa kikubwa kuliko nyumba. Wanjira alimpitisha chumba baada ya chumba, Ivyne akikunjua futi na kunong'ona vipimo bila kujua kwa nini ananong'ona. Juu ghorofani, katika chumba cha mwisho, mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti, amevaa koti ndani ya nyumba, uso ameuelekeza ukutani badala ya dirishani. Ivyne alimsalimu. Mzee aliinua mkono kidogo, basi.

"Huyo ni Baba Thuo, Mzee Wachira," Wanjira alisema walipotoka. "Usione amekunyamazia. Haongei sana siku hizi."

Ivyne hakuuliza. Nyumba za watu zina mambo yake, na mpima madirisha hufundishwa na kazi yake kuangalia madirisha tu.

Alipotoka nje manyunyu yalikuwa yameanza. Aliingia garini, akachomeka ufunguo, akazungusha. Taa za dashibodi ziliwaka zote, nyekundu na manjano na kijani. Injini haikuwaka. Haikujaribu hata kuwaka. Haikukohoa, wala hakukuwa na ule mlio mdogo wa betri iliyochoka. Na yule mwanamke wa Kijapani hakusema neno.

Akahakikisha gia iko mahali pake, akakanyaga breki, akazungusha tena. Kimya. Ndipo alipoona taa moja ambayo haikuzimika wenzake walipozimika: mchoro mdogo wa gari, mlango wa nyuma wa kushoto umetokeza kama sikio.

Akageuka. Mlango ulikuwa umefungwa. Akashuka, akaufungua, akaubamiza kwa nguvu, akarudi kwenye usukani. Taa ilikuwa bado inawaka.

Akampigia simu Mwololo, fundi wake wa Kangemi.

"Fundi, niaje. Gari imekataa kuwaka."

"Poa, mum. Imekataa aje? Inalia, ama imenyamaza?"

"Imenyamaza kabisa. Lakini taa ziko."

"Hiyo ni betri ama stata. Usiichokoze tena. Nakuja."

Mwololo alifika na pikapu yake, mtu mfupi mwenye mikono mipana, aliyekuwa na tabia ya kuongea na magari kama mtu anavyoongea na ng'ombe anayekamuliwa. Alianza na mambo madogo, kama daktari anayeanza na ulimi. Alifungua boneti, akavisugua vichwa vya betri kwa msasa, akavikaza. Akapima umeme, ulikuwa umejaa. Akapiga honi, na honi ikalia hadi ndege wakaruka kutoka mitini. Akachomoa fyuzi moja moja akaziinua zimulikwe na mwanga wa mawingu, hakuna iliyoungua. Akavuta nyaya kutoka betri ya pikapu yake. Bure. Mwishowe akalala chali kwenye kokoto zilizolowa, akaipa stata umeme moja kwa moja, na injini ikazunguka, ikazunguka, ikazunguka, lakini moto haukushika.

"Stata ni nzima," alisema akitoka chini, mgongo umelowa. "Ni kompyuta imefunga. Labda ni ufunguo. Hizi gari za siku hizi, ufunguo una kadudu ndani. Gari isipokatambua, haikupi mafuta. Uko na ule mwingine?"

Ivyne alikuwa nao mkobani. Wakaujaribu. Bure.

Mwololo akaleta mashine yake ya kusomea magari, kisanduku kidogo chenye kioo alichokitunza ndani ya soksi ya sufu. Akakichomeka chini ya usukani. Akasoma. Akakichomoa, akakichomeka tena, akasoma tena.

"Inasemaje?" Ivyne aliuliza.

"Inasema hakuna shida." Mwololo alijikuna shingo. "Ufunguo imeutambua. Mafuta yako. Gari iko sawa, isipokuwa mlango wa nyuma uko wazi."

"Mlango umefungwa."

"Naona umefungwa. Na hata ungekuwa wazi, mlango na injini hazijuani." Akalipapasa gari kwenye paa. "Sasa wewe unangoja nini? Eh?"

Alisema kwa mzaha. Lakini mzaha wenyewe ulianguka chini ukalala hapo, na hakuna aliyeuokota.

Waliamua kulirudisha nyuma hadi getini, ambako Mwololo angelifunga kwenye pikapu alivute. Kutoka veranda hadi getini palikuwa na mteremko; kazi ilikuwa ndogo. Mwololo alimwita Shem aje kusaidia kusukuma. Shem alikuja hadi mahali ambapo nyasi ziliishia na kokoto zikaanza, akasimama hapo.

"Hapo mimi sisukumi, boss," alisema. "Na hata nyinyi msisukume hiyo kitu irudi nyuma."

"Kwa nini?"

Shem alitazama nyumba, kisha akamtazama Ivyne. "Nilikuonyesha pa kuegesha, madam."

Mwololo alicheka kwa pua. Akatoa breki ya mkono, akaweka gia huru, wakaegemea boneti, yeye na Ivyne, wakasukuma. Mteremko peke yake ungetosha kulivuta. Gari lilirudi kidogo sana, kisha likasimama. Wakasukuma tena, likarudi kidogo, likasimama palepale. Mwololo alizunguka kuangalia magurudumu kama kuna jiwe. Hakukuwa na jiwe. Ivyne, viganja vyake bado vikiwa kwenye bati baridi, alihisi kitu ambacho hakupenda kukifikiria: gari halikuwa zito kama kitu kilichokwama. Lilikuwa kama mtu aliyekita miguu chini akakataa.

"Tusilazimishe," alisema.

"Imebaki dawa moja," Mwololo alisema. Uchangamfu ulikuwa umepungua sautini mwake. "Niizime kabisa, isahau kila kitu, niiamshe upya."

Akaondoa vichwa vya betri. Taa zote zikafa, hata ile ya mlango. Wakangoja, manyunyu yakigonga boneti iliyoachwa wazi. Kisha akavirudisha.

Taa ya mlango ilirudi, na kioo cha ramani kikawaka chenyewe, cheupe. Na gari likasema.

Haikuwa sauti ya yule mwanamke. Ilikuwa sauti ya mwanamume mzee. Ilianza na pumzi, kama mtu anayeinama kwa shida, kisha ikasema, "Mada." Ikanyamaza. "Mada." Halafu maneno machache ya chini chini, na tena kimya.

Mwololo alirudi nyuma akagonga kichwa kwenye boneti. "Mada? Mada gani?"

"Si Kiswahili," Ivyne alisema. "Ni Kijapani."

"Na yule mama wa kila siku?"

"Sijui, fundi. Sijui."

Sauti ilianza upya, vilevile, pumzi na maneno. Nyuma yake ilisikika mvua, mvua kubwa ya kumwagika kutoka kwenye paa. Mvua ya Kitisuru wakati huo ilikuwa manyunyu matupu. Mwololo alisema huenda mwenye gari wa kwanza alirekodi kitu humo ndani, kwamba redio nyingine zina kumbukumbu, umeme ukikatika mambo ya zamani huibuka. Alisema hayo akiwa amesimama mbali na gari kuliko fundi anavyopaswa kusimama.

Ivyne alikuwa na rafiki, Munyiva, waliyeimba naye kwaya. Munyiva alifanya kazi katika ofisi moja ya watalii mjini, akiwaongoza wageni wa Kijapani, na lugha yao alikuwa ameisomea. Ivyne alimpigia.

"Munyiva, nakusumbua. Nataka usikie kitu unitafsirie." Akafungua sauti ya simu isikike na wote, akampa Mwololo, Mwololo akanyoosha mkono wake wote kuipitisha dirishani hadi karibu na spika, mwili wake ukabaki nje.

Sauti ilisema.

"Hebu nisikie tena," Munyiva alisema. Akasikia tena. "Ivyne, hiyo si ramani inaongea. Huyo ni mtu. Ni mzee, anaongea vile babu huongea na watu wa nyumbani. Uko wapi?"

"Kitisuru, kwa customer. Anasema nini?"

"Anasema, bado. Bado kidogo." Munyiva alisikiliza tena. "Anasema, mtoto yuko nyuma."

"Mtoto yuko nyuma?" Ivyne alirudia, na kwa sababu ya hofu sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia.

Yeye na Mwololo walizunguka kuangalia, na hata Shem alinyoosha shingo kutoka kwenye nyasi. Hakukuwa na mtoto. Kulikuwa na kokoto, zimelowa zikang'aa kote, hadi getini. Ila mahali pamoja, nyuma ya gurudumu la kushoto, padogo kama sinia, kokoto zilikuwa kavu. Hapakuwa na tawi juu yake wala ukingo wa paa. Matone yalikuwa yakianguka kila upande, na pale hayakuanguka.

"Mungu wangu," Mwololo alisema polepole.

Kwenye veranda kulikuwa na mlio wa vyombo kuvunjika. Wanjira alikuwa amewaletea chai. Sasa sinia lilikuwa miguuni pake, chupa ya chai ikibingirika ngazini.

"Nani amekuambia hayo maneno?" aliuliza.

"Yapi, mama?"

"Hayo. Kwamba mtoto yuko nyuma." Aliteremka ngazi moja, akakaa kwenye ya pili. "Hayo ni maneno yangu. Niliyasema mimi, hapa, nikiwa nimesimama hapa."

Aliwaeleza hapohapo, macho yake hayatoki kwenye zile kokoto kavu. Ilikuwa mwaka wa mvua za El Niño. Ukuta wa chini ulikuwa umebomoka, wakaagiza mawe, na lori likaja kuyaleta mchana, mvua ikimwagika. Baba Thuo alisimama hapo akimwongoza dereva arudi nyuma. Kuja, kuja, kuja, akimwita kwa mikono yote miwili. Shiku, kitinda mimba wao, aliyezaliwa wakati Wanjira alidhani amekwisha kufunga uzazi, alikuwa amempelekea baba yake mwavuli.

"Alikuwa mdogo, mwavuli ulimfunika wote. Mimi nilimwona kutoka hapa. Nikapiga kelele, mtoto yuko nyuma! Nililia kwa Gikuyu, kwa Kiswahili, kwa kila lugha niliyo nayo. Lori linanguruma, mvua inanguruma. Baba yake hakunisikia. Aliendelea tu kusema kuja." Alijifuta uso kwa kiganja. "Tangu siku hiyo hajatamka hilo neno. Akitaka kuniita, ananiita kwa mkono. Shiku tulimzika kwetu Dagoretti, kwa shamba la wazee. Watu wakaimba, wakala, wakaenda. Lakini mimi nilijua. Tulipeleka sanduku. Mtoto hakuja nasi."

Shem alikuwa amevua kofia. Ndani ya gari ile sauti ya mzee ilipumua, ikasema, "Mada," na Mwololo, simu ya Ivyne bado mkononi, akafumba macho.

Mlango wa nyumba ulifunguka. Mzee Wachira alikuwa amesimama hapo na koti lake na ndara za nyumbani. Haikujulikana amesikia kiasi gani. Alimpita mke wake, akateremka ngazi, akatembea juu ya vipande vya vikombe bila kuviangalia. Alizunguka nyuma ya gari. Alipopaona pale pakavu alisimama kitambo, kisha akachutama, taratibu, mkono mmoja umeshika bampa, mpaka uso wake ukawa kimo cha mtoto.

Midomo yake ilianza kufanya kazi. Ilifunguka, ikafungika. Kitu kama kikohozi kilimtoka. Ivyne alimwona Wanjira akikunja ngumi mbili mbele ya kifua, kama mtu anayemtazama mwingine akiinua mzigo asioweza kumsaidia.

"Ku..." mzee alisema. Likamkwama. "Kuja."

Upepo ulipita mitini, ukaisha.

"Kuja, mami," alisema, na sasa sauti ilikuwa imepata njia. "Kuja twende. Unanyeshewa."

Alisimama, akaufungua mlango wa nyuma wa kushoto, akaushikilia wazi. Akangoja, akiangalia chini, jinsi mtu anavyomngoja mwenye miguu mifupi apande mwenyewe kwa sababu hataki kubebwa. Gari liliinama upande ule. Liliinama kidogo sana, kiasi cha mtu kuweza kujidanganya kwamba hakuona, kisha likatulia. Tone moja lilianguka kwenye kokoto kavu. Likafuata la pili. Baada ya muda mfupi hapakuwa tena na tofauti kati ya pale na pengine.

Mzee aliufunga mlango kwa mikono miwili, kwa kuusukuma, bila kuubamiza.

"Imezima," Mwololo alisema. Alikuwa akichungulia dirishani. "Taa ya mlango. Imezima."

Sauti ndani ya gari ilisema jambo jipya, fupi, na kwa mara ya kwanza ilikuwa na uchangamfu. Neno la mwisho lilisikika kama "iko".

"Iko nini?" Mwololo alinong'ona kwenye simu. "Dada, iko nini?"

"Amesema, haya, twende," Munyiva alijibu. "Ivyne, ni nini kinaendelea huko?"

Ivyne alikwenda kwenye mlango wa dereva. Aliingia, akashika ufunguo kwa vidole vilivyokufa ganzi, akazungusha. Injini iliwaka mara moja, laini, kama gari ambalo halijawahi kuwa na ugomvi na mtu.

Hakuna aliyeshangilia. Mwololo alikusanya nyaya zake, akakirudisha kisanduku chake ndani ya soksi. Alimrudishia Ivyne simu na kumwambia, "Mum, hii kazi sikuifanya mimi," kisha akaondoka na pikapu yake haraka, bila kuangalia nyuma.

Mzee Wachira alikuwa tayari amekaa kiti cha mbele cha abiria. "Dagoretti," alisema.

Ivyne alikuwa na sababu mia moja za kukataa. Alimtazama Wanjira. Wanjira, bado amekaa ngazini, Shem sasa amesimama kando yake, aliitikia kwa kichwa. Ivyne alilizungusha gari kwa mbele, juu ya nyasi za watu, akatoka bila kurudi nyuma hata kidogo.

Njia nzima baridi ilitoka kiti cha nyuma, si ya dirisha lililo wazi bali ya kitu kilicholowa kwa muda mrefu, na pamoja nayo harufu ya udongo na sweta la sufu. Ivyne alikigeuza kioo cha juu kikatazama paa. Ya nyuma hakuyataka. Ramani kwenye dashibodi ilikuwa nyeupe tupu, haina mtaa wala jina, ila kile kialama cha gari kikisonga peke yake. Mzee alikuwa amepitisha mkono kati ya viti viwili vya mbele, akauweka nyuma, kiganja kimetazama juu. Haukutoka pale. Walipopita Mountain View Ivyne aliliona geti la mtaa wao, akaona wanawake anaowafahamu wakinunua mboga, na ilikuwa kama kutazama watu walio upande wa pili wa mto.

Baada ya Uthiru walikutana na kundi la mbuzi likipelekwa machinjioni. Mchungaji alipiga mluzi, mbuzi wakalizingira gari kama maji. Upande wa kulia walijisugua kwenye milango, kama mbuzi walivyo. Upande wa kushoto walipita mbali, kwenye mtaro, mmoja baada ya mwingine, vichwa vyote vimegeukia dirisha la nyuma.

Shamba la wazee lilikuwa ng'ambo ya soko la Dagoretti, mwisho wa njia ya udongo mwekundu. Kulikuwa na nyumba ya mawe, mibuni mizee, na nyasi za ng'ombe zilizomzidi mtu kimo. Mzee Wachira alishuka. Alifungua mlango wa nyuma, akangoja tena kwa subira ileile. Kisha akanyoosha mkono chini, akakifumba kiganja polepole kama anayeshika kitu, akaanza kutembea kati ya mibuni, ameinamia upande mmoja, hatua zake fupi. Kila alipokuta dimbwi alilizunguka kwa mbali, ijapokuwa ndara zake mwenyewe zilikuwa zimekwisha kulowa chapachapa.

Alikaa huko muda. Aliporudi alikuwa peke yake, na alitembea wima.

"Mwambie Wanjira nimebaki kidogo," alisema. Sauti yake ilikuwa ikikwaruza, kama ya mtu aliyeimba usiku kucha. "Kaka yangu yuko hapo kwa nyumba. Asante, mwanangu."

"Nitamwambia, mzee."

Ivyne alikwenda kuufunga mlango wa nyuma. Kabla ya kuufunga aliweka mkono kwenye kiti, kwa sababu alijua asipofanya hivyo atajiuliza maisha yake yote. Kitambaa kilikuwa kimelowa mahali pamoja, padogo. Na pale palipolowa palikuwa na joto.

Alirudi Kitisuru bila kuwasha redio. Manyunyu yalikuwa yamekatika. Wanjira alikuwa palepale ngazini; Shem alikuwa amefagia vikombe na kumletea shuka ya kujifunika.

"Amefika?" Wanjira aliuliza.

"Wamefika, mama," Ivyne alisema, na neno hilo lilimshangaza yeye mwenyewe. "Mzee amebaki kwa kaka yake. Amesema nikuambie."

"Amesema? Kwa mdomo?"

"Kwa mdomo."

Wanjira alivuta uzi uliochomoza kwenye shuka.

"Alilia?"

Ivyne alikaribia kuuliza nani. "Hapana, mama. Hakulia."

"Hakuwa akilia kwa gari," Wanjira alisema. "Wale wengine walikuwa wanatapika, wanapigana. Yeye alikuwa analala kabla hata hatujafika getini." Akasimama, akijishikilia ukutani, akaikunja shuka akaiweka begani. "Nipeleke na mimi."

Ivyne alimfungulia mlango wa mbele. Shem alifungua geti lote, pande zote mbili, kama anavyofunguliwa bibi harusi. Hawakuwa wamefika barabara kubwa Wanjira alipoanza kuongea: vile Shiku alivyokataa kuvaa viatu vyenye kamba, wimbo wa Sunday school alioukosea kila mara na hakutaka kurekebishwa, jino lake la kwanza, jinsi alivyomwita baba yake kwa jina kama mtu mzima mwenzake. Alikuwa akicheka. Alikuwa akilia pia, lakini hakusimama kwa ajili ya kulia, aliendelea tu, na Ivyne aliendesha polepole ili Dagoretti isifike haraka.